Hambaka darajani, koili moja kwingine: mbona zikichanganyika sauti inasinyaa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina gitaa la mtindo wa Stratocaster lenye pikapu tatu za koili moja. Naipenda sauti ya shingoni na zile sauti mbili zinazotoka swichi ikiwa kati ya pikapu na pikapu, lakini ya darajani ilikuwa inachoma masikio kila nikiwasha distoshoni. Nikaitoa, nikafunga hambaka (pikapu ya koili mbili) yenye nguvu, imeandikwa kilo-omu 16. Ikiwa peke yake inanguruma vizuri, ingawa naiona imefubaa kidogo. Shida kubwa ni nikiichanganya na ya kati: sauti inakuwa nyembamba ya puani, besi zinapotea, na inashuka kuliko pikapu yoyote ikiwa peke yake. Je, nilichagua vibaya? Pikapu zipi zinaendana ili nipate uzito darajani, sauti safi shingoni, na mchanganyiko unaoeleweka katikati?

JIBU: Bado hatuwezi kusema umechagua vibaya, kwa sababu hambaka hiyo hujaisikia inavyopaswa kusikika. Umetaja dalili mbili na kila moja ina chanzo chake. Kusinyaa kwa sauti unapochanganya ni fezi, yaani umeme wa pikapu mbili kwenda pande zinazopingana. Kufubaa kwa hambaka ni poti, yaani kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha volyumu. Zote mbili zinatibika kwa pasi ya kulehemu na subira, bila kununua pikapu nyingine. Baada ya hapo ndipo swali la kipi kinaendana na kipi linapata maana, na hapo sikubaliani na wanaopanga pikapu kwa majina na namba za kwenye boksi. Pikapu mbili zikitoa sauti kwa pamoja, kila moja inabadilisha mwenendo wa mwenzake. Usiichague moja bila kujua itafungwa na ipi.

Tuanze na fezi, maana ndiyo inayokukera zaidi.

Pikapu ni sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku unatikisika nao, na umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Umeme huo una mwelekeo. Uzi uleule ukisogea upande uleule, pikapu moja inaweza kutoa chanya na nyingine hasi. Inategemea ncha ipi ya sumaku imetazama nyuzi, na waya umezungushwa kuelekea upande gani. Ukigeuza kimoja kati ya hivyo viwili, mwelekeo wa umeme unageuka. Ukigeuza vyote viwili, unarudi ulivyokuwa.

Hapo kwenye kugeuza vyote viwili ndipo ulipo ujanja wa hambaka. Ule mvumo unaosikika kwenye koili moja hautoki kwenye nyuzi. Unatoka kwenye nyaya za umeme zilizo karibu, transfoma na taa, nao haujali sumaku imeelekea wapi. Unafuata mzunguko wa waya tu. Kwa hiyo koili mbili zenye sumaku kinyume na mizunguko kinyume zinajumlisha sauti ya nyuzi na papo hapo zinafuta mvumo. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliuombea ubunifu wake hataza mwaka 1955, pikapu zikaingia kwenye magitaa mwaka 1957, na hataza yenyewe ikatoka mwaka 1959. Katika kusubiri huko pikapu zilibandikwa kikaratasi cha kusema hataza imeombwa (kwa Kiingereza, Patent Applied For), ndiyo maana hadi leo hambaka za mtindo ule zinaitwa PAF. Gitaa nyingi za kisasa za mtindo wa Stratocaster hutumia mbinu hiyohiyo kwenye pikapu ya kati: inageuzwa sumaku na mzunguko, na mvumo unanyamaza swichi ikiwa nafasi ya 2 (daraja na kati) na ya 4 (kati na shingo).

Sasa aliyetengeneza hambaka yako na aliyetengeneza koili zako za awali hawakushauriana. Kila mmoja alichagua ncha ya sumaku na upande wa kuzungusha anavyotaka yeye. Ukizifunga pamoja una nafasi sawa ya kupata fezi moja au fezi zinazopingana, na wewe umeangukia za kupingana. Ni watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, mmoja yuko ndani na mwingine nje. Kwenye masafa ya chini uzi unatikisika karibu sawasawa juu ya pikapu zote mbili, kwa hiyo zinafutana karibu kabisa: besi zinaondoka. Kwenye masafa ya juu kila pikapu inasikia kitu tofauti kidogo kwa sababu ya mahali ilipo, kwa hiyo kinachosalia ni ile tofauti, nyembamba na ya puani. Ndivyo ulivyoeleza, neno kwa neno.

Usianze kulehemu kabla ya kupima. Chukua multimita, iweke kwenye volti za moja kwa moja (DC) kwa kipimo kidogo kuliko vyote. Chomeka kebo kwenye gitaa, volyumu ifungue yote, kisha gusisha kishikio chekundu cha multimita kwenye ncha ya kebo na cheusi kwenye shina lake. Chagua pikapu ya kati peke yake. Shusha bisibisi ya chuma hadi iguse vichwa vya sumaku, na tazama namba inaruka kwenda chanya au hasi. Itaruka mara moja na kurudi sifuri, kwa hiyo jicho lisibanduke. Mita ya mshale ni rahisi zaidi kwa kazi hii kama unayo. Ukiiondoa bisibisi ghafla namba itaruka upande wa pili, hiyo ni kawaida, wewe hesabu tu ule mruko wa kushusha. Kisha fanya hivyohivyo kwa hambaka, bisibisi ilale juu ya koili zote mbili. Moja ikiruka chanya na nyingine hasi, fezi zinapingana na hakuna tena cha kubishana.

Tiba inategemea nyaya za hambaka. Kama ina nyaya nne za rangi pamoja na ule waya mtupu usio na ganda, badilishana: waya uliokwenda kwenye swichi upeleke ardhini (upande wa kurudishia umeme, ground), na uliokuwa ardhini upeleke kwenye swichi. Waya mtupu haubadilishwi. Wenyewe hubaki ardhini siku zote, kwa sababu umeshikana na bati la chini la pikapu. Kama hambaka yako ni ya mtindo wa zamani, waya mmoja tu ndani ya nyavu ya chuma, usithubutu kubadilishana. Ile nyavu imeunganishwa na mwili wa pikapu, ukiipeleka kwenye swichi chuma chote cha pikapu kitakuwa antena ya mvumo. Hapo ama unafungua pikapu na kuigeuza sumaku iliyo chini yake tumbo juu, ama unabadilishana nyaya za koili moja zote mbili, ya kati na ya shingoni. Ukibadilisha zote mbili kwa pamoja uhusiano wao wenyewe haubadiliki, nafasi ya 4 itabaki ilivyokuwa.

Nisiache uamini kwamba fezi kinyume ni ugonjwa daima. Gitaa la Les Paul la Peter Green, mpigaji wa Fleetwood Mac, lilikuwa na sumaku iliyogeuzwa kwenye pikapu ya shingoni, na ile sauti yake ya katikati, ya kilio kikavu, mpaka leo watu wanageuza sumaku zao kuitafuta. Brian May wa Queen, kwenye gitaa lake la Red Special, ana swichi ya fezi kwa kila pikapu kati ya tatu. Tofauti ni kwamba wao waliitumia kama rangi moja kati ya nyingi. Wewe imekujia bila kuiita.

Poti sasa, na hili ni fupi. Poti ya volyumu inakaa sambamba na pikapu muda wote, hata ukiifungua hadi mwisho, na kila poti inavujisha sauti za juu kidogo kwenda ardhini. Kadiri kilo-omu zake zilivyo ndogo ndivyo inavyovujisha zaidi. Gitaa la koili moja hufungwa poti za kilo-omu 250 kwa makusudi, kwa sababu koili moja ina ukali wa kutosha wa kutupa. Hambaka huhitaji 500. Yako imefungwa kwenye gitaa lililojengwa kwa ajili ya koili moja, hivyo ukungu unaousikia si tabia yake. Poti za toni nazo zinahesabika kama mzigo hata zikiwa zimefunguliwa, watu husahau. Kapasita ya toni, iwe maikrofaradi 0.022 au 0.047, haitaonekana tofauti yake mpaka uanze kukata toni, kwa hiyo usipoteze usiku kwa jambo hilo.

Ukiweka volyumu ya 500, hambaka itafunguka lakini koili moja zitaanza kuchoma. Dawa yake ni rezista ya kilo-omu 470 inayoingia sambamba na poti pale tu swichi inapogusa koili moja. Kilo-omu 500 na 470 zikiwa sambamba zinatoa karibu 242, na pikapu ya shingoni itajiona iko nyumbani kwake. Swichi ya kawaida ya nafasi tano ina pande mbili. Upande mmoja unabeba pikapu, wa pili kwa kawaida unapeleka kwenye toni. Ukikubali kuwa na toni moja kwa gitaa zima, ule upande wa pili unabaki huru kwa ajili ya rezista hiyo.

Tuje kwenye kilo-omu 16. Hii namba inauzwa kama kipimo cha nguvu, na sivyo. Ni ukinzani wa waya basi. Waya mwembamba zaidi una ukinzani mkubwa zaidi kwa mizunguko ileile, kwa hiyo pikapu mbili zenye namba moja zinaweza kuwa tofauti kabisa. Pikapu ya shingoni ya Telecaster, gitaa jingine la Fender, kwa mfano, huzungushwa kwa waya wa geji 43 ambao ni mwembamba kuliko ule wa 42 uliozoeleka, na hakuna anayeiita pikapu ya nguvu. Aina ya sumaku nayo haionekani kwenye omu: alniko 2 ni laini, alniko 5 ina msukumo zaidi, keramiki ina nguvu kuliko hizo. Ila kwa hambaka, 16 mara nyingi huwa na maana moja ya kweli: mizunguko ni mingi mno, na mizunguko mingi huongeza indaktansi (ukaidi wa koili kwa umeme unaobadilika haraka, hupimwa kwa henri), ambayo ndiyo hasa inayoamua rangi ya sauti.

Kila pikapu ikishafungwa kwenye kebo ina masafa inayoyatia chumvi kuliko mengine, na juu ya hapo sauti inaporomoka. Koili moja ya mtindo wa Stratocaster ina indaktansi ya kama henri 2.3. Kebo ya mita tano au sita huwa na pikofaradi kama 600 hivi. Piga hesabu, kilele chake kinakaa karibu na hezi 4,300, mahali penye mng'ao wa pleki inapogusa uzi. Hambaka iliyojazwa waya mpaka henri 8, kwa kebo ileile, kilele chake kinashuka hadi karibu hezi 2,300. Ndiyo maana inapendeza na distoshoni: amplifaya ikikoroga, haina sauti za juu za kukwaruza. Na ndiyo maana huwezi kuipata sauti safi ya kioo kutoka kwake hata ukigeuza vitufe vyote vya amplifaya. Kilichokatwa kwenye pikapu hakipo tena cha kuinuliwa.

Sasa ndoa yenyewe. Swichi ikiwa kati ya pikapu mbili, zinakaa sambamba. Watu wengi hufikiri pikapu yenye nguvu itaimeza dhaifu. Kwenye saketi sambamba mambo huenda kinyume na dhana hiyo. Kila pikapu inakuwa mzigo kwa mwenzake, na yenye ukinzani mdogo ndiyo inayovuta mchanganyiko upande wake. Chukua ya kati ya kilo-omu 6 na hambaka yako ya 16. Tuseme hambaka inatoa umeme mara mbili ya koili moja. Zikifungwa pamoja, mchango wa hambaka ni mbili mara 6 gawanya kwa 22, yaani kama 0.55. Wa koili moja ni moja mara 16 gawanya kwa 22, kama 0.73. Dhaifu ameshinda! Hesabu hii ni ya kukadiria tu, maana kwenye sauti halisi indaktansi inahusika zaidi kuliko omu, lakini henri 8 kwa 2.3 zinakupeleka kulekule. Jumla ya ukinzani wao inakuwa kilo-omu 4.4 hivi, mchanganyiko unang'aa, na ile ngurumo uliyoilipia inabaki kama kivuli nyuma ya pikapu ya kati.

Kwa hiyo hata baada ya kurekebisha fezi, nafasi yako ya 2 itakuwa na besi na itasikika, lakini haitakuwa ile ya zamani wala haitakuwa nzito. Kuna njia za kuikabili na sizipendi kwa kiwango kimoja.

Ninayoipendelea ni kuikata hambaka ibaki koili moja pale tu inapochanganywa na ya kati. Koili moja ya hambaka ya kilo-omu 16 ni kama kilo-omu 8, na mbele ya 6 hizo ni rika. Ule mlio wa kutafuna wa nafasi ya 2 unarudi. Ukitaka na mvumo unyamaze, chagua koili yenye sumaku kinyume na ya pikapu ya kati: chukua dira, tazama ncha ipi ya sindano inavutwa na vichwa vya ya kati, kisha tafuta koili ya hambaka inayovuta ncha nyingine. Kama fezi umeshaisawazisha, koili hiyo lazima iwe na mzunguko kinyume pia, na mvumo utafutika. Kuna na suala la mahali: koili ya upande wa shingo iko karibu sentimita 2 mbele ya ile ya upande wa daraja na sauti yake ni nene kidogo. Mvumo na unene vikigongana, mimi huchagua ukimya.

Kukata huku kunaweza kufanywa na swichi ileile ya nafasi tano, kwa kupitisha kiungo cha kati cha hambaka, pale koili zake mbili zinapoungana, kwenye upande wa pili wa swichi, kwenye mguu wa pikapu ya kati. Lakini upande huo ndio niliokuambia uweke rezista ya 470. Vyote viwili havitoshi. Ukivitaka vyote, tafuta swichi ya nafasi tano yenye pande nne, au weka poti ya kuvuta ifanye mojawapo. Kwa mtu anayebadilisha sauti katikati ya wimbo, swichi ya pande nne inamfaa zaidi. Kuvuta kitufe huku mkono unapiga ni kero.

Njia ya pili ni kubadilisha hambaka yenyewe kwa isiyo na nguvu sana, ya kilo-omu 8 au 9 na alniko 5. Hii ni ya mtu anayekubali kwamba distoshoni ni kazi ya amplifaya na pedali. Hambaka ya kadiri hiyo inabeba uzito wa kutosha darajani, inaungana na koili moja bila kuzama, na poti ya 500 inaifungua mpaka inakuwa na makali yake. Ukiniuliza ningeanza na nini kama gitaa lingekuwa tupu, ndiyo hiyo. Ila wewe umeshanunua, na hii ya 16 ikikatwa itakufaa kuliko unavyodhani, kwa sababu nusu yake bado ni koili yenye mwili. Hambaka za kilo-omu 8 zikikatwa hubaki na koili ya 4, nyembamba mno ikisimama peke yake.

Kuna watakaokushauri ufunge mfululizo, mkia wa moja kwenye kichwa cha nyingine. Mfululizo unajumlisha kila kitu: kilo-omu 22, indaktansi zaidi ya henri 10, kilele kinashuka zaidi. Kwenye gitaa la mtindo wa Telecaster lenye koili mbili za kawaida ni sauti tamu, nene, yenye nguvu kuliko moja moja, na swichi ya nafasi nne huongezwa kwa ajili hiyo. Pikapu za Red Special nazo ziko mfululizo. Kwa hambaka yako lakini utapata sauti iliyofunikwa blanketi.

Kuna uvumi mmoja kuhusu nafasi ya 2 na ya 4 ambao unakuhusu, kwa kuwa unaweza kukufanya uharibu fezi uliyoirekebisha. Watu husema sauti hizo zinatokana na fezi kinyume. Si kweli. Stratocaster ya mwaka 1954 ilikuja na swichi ya nafasi tatu, wapigaji wakawa wanaisimamisha kati ya nafasi na nafasi, na Fender ikaweka swichi ya tano mwaka 1977. Pikapu zote muda huo zilikuwa fezi moja. Mlio ule unatokana na mahali. Uzi haujitikisi kama kipande kimoja. Una harmoniki, na kwa harmoniki fulani sehemu iliyo juu ya pikapu moja inapanda wakati iliyo juu ya nyingine inashuka. Hizo zinafutana, nyingine zinajumlishana, na kinachobaki ni sauti yenye mashimo ya kupendeza. Besi zinabaki mahali pake, ndiyo tofauti kubwa na fezi kinyume.

Mahali ndipo panapofanya pikapu ya shingoni isifanane na ya darajani hata ukifunga mbili zilizotoka mashine moja. Ya shingoni kwenye Stratocaster inakaa karibu na pale ambapo freti ya 24 ingekuwapo, robo ya urefu wa uzi. Uzi ukiwa wazi, harmoniki ya nne imetulia kabisa hapo, pikapu haiioni. Hapo pia uzi unatikisika kwa upana kuliko karibu na daraja, hivyo ya shingoni hupata sauti kubwa bila jasho, na ya darajani huhitaji mizunguko zaidi ili iifikie. Kwa hiyo usiiondoe koili moja ya shingoni kuweka yenye nguvu "ili ilingane na hambaka". Utazidisha kilichokwisha kuzidi. Keith Richards wa Rolling Stones aliweka hambaka shingoni mwa Telecaster yake, na Fender wenyewe walifanya hivyo kwenye Telecaster Custom ya mwaka 1972, kwa pikapu ya Wide Range aliyoibuni Seth Lover huyohuyo. Lakini huko kilichotafutwa ni unene, na wewe umeniambia unataka usafi. Ukija kuchoka na koili moja za shingoni, jaribu P-90 ya mizunguko ya kadiri. Hiyo ni koili moja pana ambayo Gibson waliitoa mwaka 1946, sauti yake iko katikati ya hizo mbili, na inaivumilia poti ya 500 bila rezista yoyote. Kagua fezi yake tu kabla ya kufunga pikigadi, kile kibao cha plastiki kilichobeba pikapu.

Kurekebisha kimo cha pikapu hugharimu mizunguko michache ya bisibisi na hubadilisha mchanganyiko kuliko wengi wanavyoamini. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho na upime kutoka chini ya uzi hadi kichwa cha sumaku. Kwa koili moja anza na milimita 2.4 upande wa besi na 2 upande wa nyuzi nyembamba. Sumaku za alniko zikiwa karibu mno na uzi mnene zinauvuta, noti inayumba kana kwamba ina roho mbili, na hakuna kutyuni kutakakoiponya. Hambaka yako iweke popote inapong'ara ikiwa peke yake, halafu ishushe kidogo kidogo mpaka kuhama kutoka shingoni kwenda darajani kusikurushe volyumu. Fanya hivi kwa sauti safi. Distoshoni inabana kila kitu kiwe sawa na kukudanganya.

Huenda siku za usoni ukafikiria pikapu zenye betri. Usizichanganye na hizi kwa swichi moja hivihivi. Zile za kampuni ya EMG, kwa mfano, zina kikuza sauti ndani na hutumia poti za kilo-omu 25; poti hiyo ukiiweka mbele ya koili moja ya kawaida, sauti zake za juu zote zinamwagika ardhini. Hapo ama gitaa zima liwe na betri, ama koili za kawaida zipitie kwanza kwenye bafa yake, yaani saketi ndogo yenye betri inayolinda sauti isimwagike.

Hukutaja hambaka yako ni ya kampuni gani, na hapo ndipo wengi hujifunga kamba wenyewe kwa kufuata mchoro wa pikapu nyingine. Kwa Seymour Duncan, mweusi ndio wa kwenda kwenye swichi, mwekundu na mweupe huunganishwa pamoja, kijani huenda ardhini. Kwa DiMarzio, mwekundu ndio wa kwenda kwenye swichi, mweusi na mweupe huunganishwa, kijani ardhini. Ukiifunga Duncan kwa mchoro wa DiMarzio unabaki na koili moja tu inayofanya kazi. Ukiifunga DiMarzio kwa mchoro wa Duncan, koili mbili ndani ya hambaka zitapingana zenyewe kwa zenyewe. Kama haina jina na rangi hazifanani na hizo, tenganisha nyaya zote nne, pima kwa multimita mpaka upate jozi mbili zinazosoma kama kilo-omu 8 kila moja. Hizo ndizo koili. Kwa kila koili fanya jaribio la bisibisi, na uweke alama kwenye waya uliokuwa na kishikio chekundu pale namba iliporuka chanya. Unganisha waya usio na alama wa koili ya kwanza na wenye alama wa koili ya pili. Nyaya mbili zinazobaki, wenye alama nenda nao kwenye swichi na usio na alama ardhini. Jaribio la pikapu ya kati likikupa hasi kwenye kebo ileile, hizo mbili za mwisho zipishane.